Shajara ya michirizi ya nyota: saa mbili bila pengo

Siku ya 1. Mwezi haujaandama.

Ninachotaka ni picha moja tu. Mti mkavu chini, mbingu ya mashariki juu yake, na kila nyota iliyopita pale kwa saa mbili iwe imeacha mstari wake, mstari mzima usiokatika. Saa mbili ni sawa na nyuzi 30, maana dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa. Nyota zimetulia, tunaogeuka ni sisi.

Nimechagua mashariki kwa ajili ya Jabari, lile kundi la nyota liitwalo pia Orion. Kwa sasa anachomoza saa 5 usiku, na kila siku atakuwa anawahi kwa dakika 4, kwa sababu dunia humaliza mzunguko wake kwa saa 23 na dakika 56, si 24 kamili. Kwa hiyo nikikosea leo nina nafasi nyingine kesho, na nikichelewa mwezi mzima atakuwa amewahi kwa saa mbili. Hilo linanifaa, sipendi kukesha.

Vifaa: kamera ya megapikseli 24 yenye kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga) cha fremu kamili, lenzi ya milimita 24, tripodi nzito, rimoti ya waya, betri mbili. Kamera nimeisimamisha wima ili mbingu iingie ya kutosha.

Nilianza na njia ya mkato: fungua shata, kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, kwa dakika 30, uone kinachotoka. Tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, nikakibana kitufe cha rimoti na kukifunga ili shata ibaki wazi, nikakaa chini. Dakika 30 zilipotimia nikaifungua. Kamera kimya. Kioo cheusi, kitaa chekundu kinawaka, hakuna kitufe kinachoitika. Nikangoja dakika tano, kumi. Mkono ulishafika kwenye mlango wa betri nikaanza kukumbuka: kuna mpangilio wa kupunguza chembechembe, nao nilikuwa nimeuacha umewashwa. Ukiwa umewashwa, kamera ikimaliza picha ndefu hupiga nyingine ya urefu uleule shata ikiwa imefungwa, ili ijue ni pikseli zipi zinazowaka zenyewe kwa sababu ya joto, kisha izifute kwenye picha ya kwanza. Dakika 30 za nyota zikanigharimu dakika 30 nyingine za kuangalia kitaa chekundu.

Na picha yenyewe? Nusu ya chini rangi ya kutu, ule mwanga wa mji ulio mbali ambao jicho halikuuona lakini kihisi kiliukusanya kwa nusu saa. Isitoshe, katikati nilijikwaa kwenye mguu wa tripodi, na kila nyota ina kigongo mahali palepale. Picha moja ndefu haina msamaha. Kosa la sekunde moja linaharibu dakika zote zilizotangulia.

Enzi za filamu watu waliacha shata wazi saa nzima au zaidi na ikawezekana, maana filamu haina pikseli za kupata joto, na kadiri muda unavyorefuka inazidi kuwa nzito kupokea mwanga. Kwa kamera za leo njia ni kupiga picha nyingi fupi mfululizo, kisha kuzipandanisha, yaani kuziweka moja juu ya nyingine ziwe picha moja. Mwanaanga wa Marekani Don Pettit alifanya hivyohivyo mwaka 2012 akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga: picha za sekunde 30, zikapandanishwa kupata michirizi ya dakika 10 hadi 15. Yeye zilimtosha, kwa sababu kituo kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Mimi niliye chini nahitaji subira zaidi.

Siku ya 3. Mshono wa cherehani.

Leo nilitumia taima iliyomo ndani ya kamera. Sekunde 30 kwa kila picha, picha moja kila baada ya sekunde 31. Sekunde moja ya kupumua, nikaona inatosha. f/2.8, ISO 1600. Nikaianzisha Jabari alipochomoza, nikaenda kujinyoosha kwenye gari hadi saa mbili zilipokwisha.

Nilitegemea kukuta picha 232. Kadi ilikuwa na 116.

Ningeshuku kadi imejaa au betri imekata, lakini picha ya mwisho ilipigwa mwishoni kabisa mwa saa mbili, kama nilivyopanga. Kamera ilifanya kazi muda wote, ila ilifanya nusu ya kazi. Nikazipandanisha hivyohivyo. Kwa mbali michirizi ilipendeza. Nilipokuza hadi pikseli moja ionekane, nikamfuata Mintaka, ile nyota ya kwanza kuchomoza katika ukanda wa Jabari: pikseli 9 za nuru, pikseli 9 za giza, 9 za nuru, 9 za giza, kutoka chini hadi juu. Mshono wa cherehani. Na si yeye peke yake, mbingu nzima ilikuwa imeshonwa.

Siku ya 4. Mezani.

Nimeweka kamera mezani, simu pembeni inarekodi sauti. Sekunde 30, piga. Shata ikalia ilipofunguka, ikalia ilipofungwa. Nikapima kwenye rekodi. Nikarudia mara tatu, maana sikuamini: sekunde 32.

Kumbe muda wa shata hupanda kwa kujizidisha mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32. Kwenye kioo wanaandika 15 na 30 kwa sababu ni namba zinazokaa vizuri mdomoni. Kwa picha ya mchana tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwangu ilikuwa na maana yote, kwa kuwa taima ya kamera yangu huhesabu kutoka mwanzo wa picha hadi mwanzo wa picha inayofuata. Ikifika sekunde ya 31 inataka kupiga, inakuta shata bado iko wazi, inaiacha zamu hiyo ipite na kusubiri sekunde ya 62. Sekunde 32 za nuru, sekunde 30 za giza. Ndizo zile pikseli 9 kwa 9.

Dawa ni kuachana na taima kabisa. Kamera iwe kwenye hali ya kupiga mfululizo, shata sekunde 30, na kitufe cha rimoti kibanwe na kufungwa kibaki hivyo. Picha moja ikiisha nyingine inaanza papo hapo. Nimejaribu dirishani kwa dakika 20, nikakuza, nikatafuta pengo, sikuliona. Hesabu mpya: sekunde 7,200 ukigawa kwa 32 unapata picha 225 kamili. Ule mpangilio wa kupunguza chembechembe nimeuzima. Nikiusahau, kila picha itafuatwa na sekunde 32 za kiza, na nitarudi kwenye cherehani.

Siku ya 6. Mawingu.

Sikupiga. Nilikwenda mchana na dira kuuangalia mti, ndipo nikaelewa kwa nini picha nilizokuwa nikizitamani hazitatoka hapa hata nikikesha mwaka mzima.

Zile duara kubwa zinazozunguka kitovu kimoja juu ya mlima zinatoka nchi za mbali na ikweta. Ncha ya anga, yaani kitovu hicho ambacho nyota huonekana kukizunguka, hukaa juu ya upeo kwa nyuzi zilezile za latitudo ya mpigaji. Aliye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini anaiona nyuzi 50 juu, na Nyota ya Kaskazini iko chini ya nyuzi moja kutoka hapo, kwa hiyo hata kutafuta hahitaji. Mimi niko nyuzi chache kusini ya ikweta. Ncha ya kaskazini iko chini kidogo ya upeo wangu, na ya kusini imekaa karibu na ardhi, mahali penye vumbi na mwanga wa watu. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno, kuiona kwa macho kunataka giza totoro. Ningeelekeza lenzi kusini ningepata nusu duara, kama upinde uliosimamishwa ardhini.

Lakini mashariki tunacho kitu ambacho wao hawana. Nyota zetu huchomoza zikipanda wima. Zilizo kwenye ikweta ya anga, ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, huchora mstari ulionyooka, za kushoto kwake hupinda kuelekea kaskazini, za kulia hupinda kuelekea kusini, kama mtu anayefungua mapazia mawili. Na Mintaka yuko karibu kabisa na ikweta hiyo, hata theluthi ya nyuzi moja haifiki. Nikimweka juu ya mti, mstari wake ndio utakuwa uti wa mgongo wa picha.

Siku ya 15. Mwezi mpevu.

Hakuna giza, kwa hiyo nashughulikia rangi. Kwenye picha za siku ya 3 nyota zote angavu ni nyeupe. Betelgeuse, bega la Jabari, ni nyekundu ya kaa la moto hata kwa macho, na Rigel, mguu wake, ana ubuluu. Kwenye picha yangu wote wawili wanafanana na waya wa chuma.

Nilidhani sekunde 30 ni nyingi mno, zimezidisha mwanga hadi rangi ikapotea. Nikapiga hesabu, nikakuta muda si mkosaji. Kwa lenzi hii na kihisi hiki, nyota ya karibu na ikweta ya anga huvuka pikseli moja kwa takriban sekunde 3.4. Baada ya hapo imehama, inaangazia pikseli ya jirani. Ukiacha shata wazi sekunde 10 au dakika 10, mstari unarefuka lakini haung'ai zaidi. Kinachozidi kung'aa ni mbingu nyuma yake, maana yenyewe haihami. Mng'ao wa mstari unaamuliwa na tundu la lenzi na ISO, basi.

Hesabu hii ingenifaa sana siku ya kwanza. Nimeshusha ISO kutoka 1600 hadi 400. Nyota hafifu zitapotea, sawa, sizihitaji zote. Zikijaa mno michirizi inakuwa kama mvua na mti unamezwa. Mizani ya weupe, mpangilio unaoamua rangi ya picha ielemee buluu au manjano, nimeifunga kwenye kelvini 4,000. Ikiachwa ijichagulie yenyewe, rangi ya mbingu inaweza kubadilika katikati ya usiku.

Siku ya 26. Umande.

Mwezi sasa huchomoza alfajiri, jioni yote ni giza. Jabari saa 3 na dakika 20. Fokasi niliiweka kwa mkono: nikakuza nyota moja angavu kwenye kioo, nikazungusha hadi ikawa nukta ndogo kuliko zote, kisha nikabandika gundi ya karatasi kwenye pete ya lenzi isisogee. Ile alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi si ya kuaminiwa. Yangu inakosea kwa upana wa ukucha.

Kila kitu kilikwenda sawa. Shata inalia kila baada ya sekunde 32, mwendo uleule, hadi nikaanza kusinzia kwa kuufuata. Nilipokwenda kuangalia, saa moja na robo ilikuwa imepita, na mbele ya lenzi kulikuwa na ukungu mnene kama kioo cha bafuni.

Nikiitazama leo, picha inaeleza kisa chote. Michirizi inaanza chini kwa nguvu, inapanda, kisha inafifia taratibu, inanenepa na kutoweka. Betelgeuse ndiye aliyevumilia kuliko wote. Hakuna pengo hata moja, na bado haifai.

Kioo kilichoelekezwa kwenye mbingu wazi hupoteza joto kuelekea huko juu hadi kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na unyevu wa hewa unageuka kuwa matone juu yake. Kupangusa si dawa: unaacha michirizi ya kitambaa, unaisogeza kamera, na dakika tano baadaye umande umerudi. Dawa ni kukizuia kioo kisipoe. Nimepata mkanda wa joto unaozungushwa kwenye lenzi na kutumia umeme wa pawabenki. Joto lenyewe ni dogo, ukiushika ni kama kumshika mtu mkono.

Siku ya 34. Mwezi wa siku tatu.

Nimeichagua siku hii kwa ajili ya mwezi. Mwezi mchanga uko magharibi, mgongoni kwangu, na utazama mara tu baada ya saa 3. Jabari anachomoza saa 3 kasoro dakika 12. Maana yake dakika 20 za mwanzo mti utapata mwanga mdogo kutoka nyuma ya kamera, halafu giza. Programu ya kupandanisha hupitia kila pikseli katika picha zote na kuchukua ile iliyong'aa zaidi, kwa hiyo mti ukiangazwa mwanzoni tu, unabaki umeangazwa mpaka mwisho.

Mkanda wa joto umewashwa, betri zote mbili zimechajiwa. Rimoti imefungwa saa 2 na dakika 50.

Picha ya 61, mwanga mweupe ukaupiga mti wote kutoka pembeni.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Gari limeharibika?" Alikuwa mlinzi wa shamba la jirani, na tochi yake ni ya kumulika hadi kijiji cha pili.

"Hapana, mzee. Napiga picha nyota. Nakuomba uzime tochi kidogo."

Aliizima. Akasimama karibu yangu, akaitazama kamera inayolia peke yake, akaitazama mbingu. "Na muda wote huo unamaliza nyota zipi?"

Nikamweleza. Akauliza kama haiwezekani kupiga moja na kuondoka. Nikasema nimejaribu. Akacheka, akakaa nami karibu nusu saa, akanionyesha Kilimia, akaondoka gizani bila kuwasha tochi hadi alipofika mbali. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Ndege tatu zilipita. Satelaiti nilihesabu mbili tu, na hilo linaeleweka: baada ya jua kuzama kivuli cha dunia huinuka kutokea mashariki, na zinazopita upande huo zinakuwa zimeshaingia ndani yake. Lenzi ilibaki kavu hadi mwisho. Saa 5 kasoro dakika 10 nikafungua rimoti: picha 225. Nikafunika lenzi kwa kifuniko chake na kupiga 15 za giza kwa mpangilio uleule, kabla kamera haijabadilika joto. Hizo ndizo zitakazonionyesha pikseli zinazowaka zenyewe. Ni kazi ileile iliyonila nusu saa siku ya kwanza, ila sasa inafanyika mwishoni, isipokata mstari wa mtu.

Siku ya 36. Kupandanisha.

Natumia programu ya StarStaX, ni ya bure na inafanya jambo moja vizuri. Picha ya 61 ndiyo iliyonifikirisha. Nikiitoa, kila nyota inapata pengo la sekunde 32, pikseli 9, mbingu nzima kwa wakati mmoja, na jicho litaliona kama mkunjo kwenye kitambaa. Nikiiacha, tochi ya mzee itashinda mwanga wote wa mwezi, na mti utakuwa mweupe kama umepakwa chokaa. Nikaifungua peke yake na kupaka rangi nyeusi nusu ya chini, ardhi na mti. Nyeusi haishindi kitu, kwa hiyo programu inachukua mbingu ya picha hiyo na kuuacha mti wake.

Ndege nazo nimezifuta hivyohivyo, brashi nyembamba nyeusi juu ya mstari wake katika kila picha zilimopita. Inachosha. Ndege moja ilipita juu kabisa ya Rigel, na hapo sikuwa na la kufanya: kuifuta ndege ni kumfuta na Rigel. Pengo moja, pikseli 9, upande wa kulia juu. Programu ina njia ya kujaza mapengo kwa kukisia, nikaijaribu, ikalijaza vizuri sana, kisha nikarudisha pengo langu. Nuru niliyoikusanya kwa siku zote hizi imetoka mbinguni, sitaki pikseli 9 zilizokisiwa ndani yake.

Mintaka ananyooka kutoka kwenye tawi la juu hadi karibu na ukingo wa picha, na wenzake wawili wa ukanda wako kulia kwake, mistari mitatu iliyobanana. Betelgeuse mwekundu anapinda kushoto, Rigel wa buluu anapinda kulia.

Siku ya 38.

Nimempelekea mzee nakala iliyochapishwa. Aliigeuza, akaitazama wima, akaisogeza mbali na macho, akauliza mwanga wa tochi yake uko wapi. Nikamwambia niliuficha, ulikuwa umeufanya mti mweupe.

"Ungeuacha," akasema. "Na mimi nilikuwepo."

Picha ya 61 bado ninayo, nzima, kabla ya kupakwa. Nitamchapia hiyo peke yake.